Friza ya Bia ya Mzee Mwakio

Vijana, mkinikuta barazani mchana nimenyoosha miguu, msidhani nimelala. Magoti ndiyo yaliyolala. Mimi niko macho, nawaona mkipita na mabegi yenu ya spana, na maneno yenu nayasikia. Juzi wawili wenu mlisimama hapa kivulini mkibishana kama friza ya sanduku, ile inayofunguliwa kwa juu, yaweza kutobolewa ubavuni. Mmoja akasema yawezekana, mradi drili iwe kali. Nilitaka kuinuka niwaambie neno, lakini hadi nilipopata kusimama wima mlikuwa mmeshavuka barabara, na kuwaita nikaona uvivu. Basi nawaandikia.

Mimi ni Athmani, fundi wa friji. Wazee wenzangu hapa Voi hunijua kwa jina la Fundi Baridi. Nimetengeneza friji za mabucha, za hoteli, za zahanati zinazoweka chanjo, na za watu waliotaka maji baridi tu, maana jua la Voi mnalijua. Kazi imenilisha na imenisomeshea watoto, sina ugomvi nayo. Lakini imenichosha. Kubeba kompresa moja, ule moyo wa chuma wa friji, si neno. Ukizibeba miaka thelathini, mgongo unazikumbuka zote.

Nikianza kuwasimulia za kila nyumba hatutamaliza. Nitawapa ya friza moja tu, ya miaka ya tisini, kwa sababu makosa mawili makubwa niliyofanya katika kazi hii yote yako ndani yake.

Mwenye friza alikuwa Mzee Mwakio wa mtaa wa Mwakingali, hapa hapa Voi. Alikuwa mtu wa vilima vya Sagalla, aliyekwenda Nairobi angali kijana akapata kazi kwenye kiwanda cha bia. Msidhani alikuwa akipika bia. Alikuwa anaosha matangi. Aliingia ndani ya tangi na brashi na maji ya moto, akasugua, akatoka, akaingia jingine. Nywele zikaota mvi humo humo. Kisha zikaletwa mashine za kuosha zenyewe, na yeye na wenzake wakapewa barua za kwenda nyumbani. Sagalla juu hakukuwa na umeme, na maji yalikuwa taabu, kwa hiyo akajenga vyumba viwili Mwakingali akakaa na mkewe, Mama Mkamburi. Binti yao, Mkamburi mwenyewe, alikuwa ameshaolewa Taveta.

Asubuhi moja alikuja kwenye karakana yangu pale nyuma ya soko. Nilikuwa nimelalia tumbo, kichwa kiko nyuma ya friji ya mtu.

"Fundi, friza yaweza kupoza bila kugandisha?"

"Yaweza. Unataka kuweka nini?"

"Vinywaji."

"Soda?"

Akaitazama kofia yangu ya msikitini, kisha akatazama chini. "Bia, Fundi. Ya kupika mwenyewe."

Nikatoka nyuma ya friji nikajifuta mikono. "Mzee Mwakio, si unajua mimi ni Muislamu?"

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kwako. Fundi mwingine ataimaliza bia kabla hajaimaliza kazi."

Nilicheka, Mungu anisamehe, lakini nikamwambia hapana. Hakubisha. Alikaa juu ya kreti iliyopinduliwa akaanza kunieleza habari za mtu mmoja, Mzee Odero, aliyekuwa mpishi mkuu wa bia katika kile kiwanda. Zamu ilipokwisha na wakubwa wengine wakaenda zao, Odero alimwita Mwakio pembeni akamnusisha kimea, akamwonyesha hamira inavyofanya kazi na inavyolala. Muosha matangi hakuruhusiwa hata kuingia chumba cha kupikia.

"Miaka kumi alinifundisha kitu ambacho hakikuwa kazi yangu," Mwakio akasema. "Hakuniomba hata soda. Sasa amestaafu na ni mgonjwa. Anakwenda kukaa kwa mtoto wake Mombasa. Ameniandikia barua kwamba atashuka Voi siku moja anione."

"Basi mnunulie bia."

"Ya kununua amekunywa maisha yake yote. Nataka nimpe glasi moja niliyoipika mimi. Baridi, itoke kwenye mfereji, si kwenye chupa. Nataka anione, Fundi."

Mimi nami nilikuwa na mwalimu wangu, Mzee Swaleh wa Mombasa, aliyenichukua sina hata viatu vya kazini. Alinifundisha kusikiliza kompresa kwa bisibisi: ncha unaiweka kwenye chuma, mpini unauweka sikioni, na ugonjwa wote wa ndani unausikia kama uko kwa daktari. Alikuwa na tabia moja iliyonishangaza. Akiharibu kitu cha mtu, alikuwa akimwita mwenyewe na kumwambia mbele yetu sote, "Hapa nimeharibu mimi," kisha anaendelea na kazi kama hakuna kilichotokea. Alifariki kabla sijapata cha kumwonyesha. Mwakio aliposema anataka aonwe, nilimwelewa.

Nikamwambia, "Nitashughulika na baridi peke yake. Bia siigusi, siionji, wala siibebi."

Akanipa mkono.

Kupika pombe nyumbani siku zile kulikuwa kunamleta chifu mlangoni, na Mwakio alilijua hilo. Kwa hivyo alipika kidogo, hakumuuzia mtu wala hakutangaza. Shayiri aliiotesha mwenyewe juu ya gunia lenye maji, akaikausha, akaikaanga. Yale maua makavu machungu ya kutia kwenye bia aliletewa na wenzake wa zamani. Vipipa viwili vya chuma, vile vya kuwekea sharubati ya soda, alivipata kwa watu wa skrepa Mombasa. Friza yenyewe aliitoa Mwatate kwa mwenye bucha aliyefunga duka. Ilinuka nyama hadi Mama Mkamburi akaiosha kwa magadi siku tatu.

Sasa nisikilizeni, ninyi mliokuwa mkibishana. Friza ya sanduku mabomba yake hayaonekani. Yamezungushwa ndani ya kuta, mengine upande wa ndani ya kupozea, mengine upande wa bati la nje ya kutolea joto, na katikati kumejazwa povu gumu. Ukitaka kujua yalipo, iwashe ifanye kazi, kisha pitisha kitambaa chenye maji juu ya bati la nje. Pale panapokauka kwanza pana bomba la moto. Ndani nako tazama umande unapoanza kuganda kwa mistari. Hilo nililijua tangu nikiwa mwanafunzi.

Na bado nilitoboa.

Nilikuwa nimetoka Kishushe kutengeneza friza ya watu waliokuwa wakitafuta madini huko. Barabara ile, ukifika unajihesabu mifupa. Nilirudi na vumbi masikioni, sikulala vizuri, na asubuhi nikaenda moja kwa moja kwa Mwakio kwa sababu siku za mgeni wake zilikuwa zinakaribia. Mwakio alitaka mifereji iwe mbele, ubavuni, kama alivyoiona kwenye baa za Nairobi. Nikapima kwa macho, nikasema hapa hapana kitu, nikashika drili.

Kuna sauti ambayo fundi wa friji akiisikia hata miaka ishirini baadaye nywele humsimama. Psssss. Gesi yote ikatoka mbele ya uso wangu kwenye tundu dogo kama kidole. Mwakio alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai alichoniletea.

"Hiyo ni kawaida?" akauliza.

"Hapana," nikasema. "Hiyo ni mimi."

Laiti ningaliiacha ile kazi siku ile, lakini kitu nilichokiharibu kwa mkono wangu siwezi kumwachia mwenyewe. Nilikata bati la nje kwa mkasi, nikachokoa povu kwa kisu hadi nikalipata bomba, nikalichomelea, nikaivuta hewa yote, nikatia gesi mpya. Kuliandika ni mstari mmoja. Kulifanya kulinichukua siku nne, nimepiga magoti kwenye sakafu ya saruji, na Mama Mkamburi akifagia kunizunguka. Alikuwa mama wa kanisa, na mambo ya bia hayakumpendeza, lakini mgeni alikuwa mgeni wa mumewe.

Mara ya pili nilifanya ilivyotakiwa mara ya kwanza. Nilikifungua kifuniko, nikatengeneza fremu ya mbao yenye kimo cha shubiri moja na nusu, nikaikalisha juu ya mdomo wa friza, kisha kifuniko nikakifunga juu ya fremu. Mifereji ikapita kwenye mbao. Mbao haina bomba, unatoboa unavyotaka. Nikaziba viungo visipitishe hewa, na ile fremu ikampa Mwakio nafasi ya kusimamisha vipipa vyake bila kugonga kifuniko.

Baridi nayo ina kazi yake. Friza imezaliwa igandishe, haijui kitu kingine. Nilitoa thamostati yake, ile inayoiamuru kompresa iwake au izime, nikaweka ya friji ya kawaida, na ile ncha yake ya kupimia nikaizamisha kwenye chupa ya maji iliyowekwa ndani. Ukiiacha hewani, kila ukifunua kifuniko kompresa itashtuka na kuwaka, na itakufa mapema. Ikiwa majini inapima kinywaji kilivyo, haihangaiki. Hilo sikufundishwa na mtu. Nililipata kwa kuua kompresa mbili.

Kisha povu likatushinda. Mwakio akifungua mfereji, glasi ilijaa povu tupu. Mimi sinywi, kwa hiyo sikuwa na njia ya kujua bia iko sawa isipokuwa kutazama glasi na kumtazama Mwakio usoni. Tulihangaika hadi tukagundua mpira wa kutoka kwenye kipipa ulikuwa mfupi na mnene. Tukaweka mwembamba, mrefu, tukauzungusha mara nyingi juu ya kipipa, bia ikawa inakuja taratibu na povu la vidole viwili. Uso wa Mwakio ukanyooka. Nikajua imekaa sawa.

Gesi ya kusukuma bia ilitoka kwenye mtungi, ile gesi ya soda. Mtungi niliuweka ndani ya friza, pembeni ya vipipa, kwa sababu ulipendeza zaidi. Nje hakukuwa na mpira unaoning'inia, ilionekana kama kitu cha dukani. Zilikuwa zimebaki siku mbili Odero afike. Ilikuwa karibu na adhuhuri, nikafunga klipu ya mwisho, kile kibano cha skrubu kinachoubana mpira wa gesi, nikafungulia mtungi, nikafunga kifuniko na kwenda msikitini.

Niliporudi, Mama Mkamburi alikuwa bado kwenye foleni ya maji. Nikaingia ndani nikamkuta Mwakio amejikunja juu ya mdomo wa friza, kichwa na mabega viko ndani, miguu haigusi chini. Ndara moja ilikuwa imemdondoka.

"Mzee Mwakio, umepoteza nini humo?"

Kimya.

"Mzee!"

Nilimshika kiunoni nikamvuta. Alikuwa mzito kama gunia lililolowa, na midomo imebadilika rangi. Nikamburura hadi uani, kwenye upepo, nikamlaza chini ya kamba ya nguo nikampiga mashavu na kumwita jina. Sikumbuki nilimwita mara ngapi. Alivuta pumzi moja ya kukwaruza, akakohoa, akavuta nyingine.

"Nilikuwa nahesabu vipipa," akasema.

Vilikuwa viwili.

Nilirudi ndani nikainamisha uso kidogo tu kwenye friza, na pua ikaniwasha kama mtu aliyekunywa soda kwa pupa. Gesi ile ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatuama chini kama maji kwenye beseni, haina rangi, na sanduku lenye kifuniko ndiyo nyumba yake. Nilibana pumzi, nikafunga mtungi, nikautoa nje. Nikachukua sabuni ya Mama Mkamburi nikatengeneza povu, nikafungulia gesi kidogo na kupaka kwenye viungo. Kwenye klipu niliyoifunga mimi kabla ya kwenda kusali, povu likafura na kupasuka, likafura na kupasuka. Ilikuwa imebaki nusu mzunguko tu wa bisibisi.

Nikaenda uani nikachuchumaa mbele yake. "Ni mimi, Mzee Mwakio. Klipu sikuikaza."

Alinitazama kwa muda, macho mekundu. Mara Mama Mkamburi akaingia langoni na debe la maji kichwani, akasimama.

"Kuna nini? Mbona umelala chini?"

Nilifungua mdomo. Mwakio akaniwahi.

"Kizunguzungu tu. Tangu asubuhi sijala. Labda ni sukari."

Mama Mkamburi akalitua debe. Akamtazama mumewe, akanitazama mimi. Nilikuwa na povu mikononi hadi kwenye vifundo. Nikafunga mdomo.

Mwakio alijua anafanya nini. Wakati ule friji zote za zahanati nilikuwa nazitengeneza mimi, na nusu ya mabucha ya mjini. Neno moja sokoni, kwamba Athmani nusura amuue mtu kwa friza, lingetosha. Alinikinga. Na mimi, niliyelelewa na Mzee Swaleh, nikakaa pale nikakubali kukingwa.

Mama Mkamburi alimpeleka hospitali kesho yake. Wakampima, hawakuona kitu, wakampa maneno ya kula vizuri. Lakini tangu siku hiyo Mwakio hakutiliwa sukari kwenye chai nyumbani kwake. Nilikuwa nikienda kumtembelea namkuta ameshika kikombe cha chai kavu, ananitazama juu ya ukingo wa kikombe.

Mtungi wa gesi niliuhamisha nje ya friza, mpira tu ndio ukapita kwenye mbao. Viungo vyote nikavipaka sabuni, na nikamwambia Mwakio: ukifunua, simama, hesabu hadi sitini, ndipo uiname. Vijana, hili si la bia peke yake. Mnaingia kwenye vyumba vya baridi, mnainama kwenye masanduku, mnafungulia gesi mahali hapana dirisha. Hesabuni.

Treni iliyomleta Odero ilichelewa, ikafika jua limeshatoka. Tulimpokea stesheni mimi na Mwakio. Nilitarajia mtu mkubwa, kwa jinsi nilivyosimuliwa. Alishuka mzee mwembamba kwenye koti lililomzidi, anashikilia chuma cha mlango kwa mikono miwili. Mwakio akamwita "Mkubwa" na kumshika kiwiko, wakatembea hadi kwenye teksi polepole sana, na mimi nyuma yao na begi lisilokuwa na uzito.

Nyumbani, Mama Mkamburi alimpa uji kwanza. Hata kama ni mgeni wa bia, alisema, hatakunywa na tumbo tupu. Kisha Odero akaomba aonyeshwe mashine.

"Hii kitu mmetengeneza nyinyi?" akauliza, akipapasa fremu ya mbao. Akakifunua kifuniko na kuanza kuinama.

"Ngoja, Mkubwa!" Mwakio alimshika bega. "Hesabu hadi sitini."

Odero akageuka. Nadhani hakuwa amewahi kuambiwa ngoja na yule mtu. Lakini alisimama wima akahesabu, kwa sauti, kwa Kijaluo, moja baada ya nyingine hadi mwisho, na sisi tumesimama tunamsubiri kama watu walio kanisani.

Mwakio alimimina. Bia ilikuja safi, rangi ya asali. Odero akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Akanusa. Akakunja uso.

"Umeipoza sana. Pua haipati kitu."

Hapo nilichomwa mimi, maana baridi ilikuwa fungu langu. Alikaa ameikumbatia glasi kwa viganja viwili kama mtu anayeota moto. Nje kuku walikuwa wanachakura.

"Wewe hunywi?" akaniuliza.

"Sinywi, mzee."

"Mimi pia daktari amenikataza." Akanusa tena. "Lakini daktari hayuko Voi."

Akanywa funda moja. Akafumba macho, na kwa muda nikadhani amesinzia.

"Hamira umeikatisha mapema," akasema. "Kama siku moja."

"Mbili, Mkubwa."

"Ulijua?"

"Nilijua. Treni yako haingengoja."

Odero alicheka hadi kikohozi kikamshika, na Mama Mkamburi akamletea maji. Alipotulia aliiweka glasi mezani, akaizungusha kidogo kidogo kwa kidole.

"Mwakio, mimi ningesema," akasema. "Pale kazini. Ningewaambia huyu mtu aache kuosha, apike. Niliogopa watajua nilikuwa nakuingiza ndani. Kila mwaka nikasema nitawaambia mwaka ujao."

Mwakio alichukua jagi la maji ambalo lilikuwa bado limejaa, akatoka nalo uani. Nilimwona dirishani amesimama karibu na kamba ya nguo, ametupa mgongo, jagi mkononi, anatazama vilima vya Sagalla. Aliporudi aliijaza tena glasi ya Odero kwenye mfereji, na hawakulizungumza tena. Walikaa hadi jioni wakizungumza habari za matangi na watu waliokwisha kufa.

Odero hakupita tena Voi. Mwakio alipika mara mbili tatu baada ya hapo, kisha akaacha. Nilipomwuliza, alisema amechoka kunywa peke yake. Friza ikabaki ya kupozea maji, na majirani wakawa wanatuma watoto wao kuomba barafu isiyokuwepo, kwa kuwa niliitengeneza isigandishe.

Miaka ikapita. Friji za gesi mpya zikaja, nikajifunza upya nikiwa na miwani. Mwakio akafariki, na tukapanda Sagalla kumzika. Njia ile niliipanda kwa saa tatu, nikisimama kila baada ya hatua chache. Kaburini ndugu yake akasoma maisha ya marehemu, akataja jinsi sukari ilivyomwangusha mwaka ule akiwa peke yake nyumbani, na tangu hapo afya yake haikuwa nzuri. Watu wakatikisa vichwa. Nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwa msomaji. Nikatikisa kichwa pamoja nao.

Mwezi mmoja baadaye Mama Mkamburi aliniita niondoe mifereji na kuziba matundu, alitaka kuweka maziwa ya kuuza. Ilikuwa kazi ya saa moja, ikanichukua asubuhi nzima, vidole vilikuwa vimeshaanza kukataa. Nilipomaliza aliniwekea chai. Nikaitazama ile chai, na maneno yakanitoka kabla sijayapanga.

"Mama Mkamburi, ile siku ya kizunguzungu. Haikuwa sukari."

Aliendelea kumimina chai yake.

"Ilikuwa gesi. Klipu niliifunga mimi na sikuikaza. Marehemu alinificha."

"Najua," akasema.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku hiyo. Nimekuja nimekupata na sabuni mikononi, na mtungi uko nje. Mimi si mjinga, Fundi."

"Na ile chai kavu, miaka yote ile?"

"Alisema ni sukari. Nikamtibu sukari." Pembe ya mdomo wake ikacheza kidogo, kisha ikatulia. Akakaa chini polepole, mkono kwenye goti, kama ninavyokaa mimi. "Yeye nilimsamehe wiki hiyo hiyo. Ni wewe nilikuwa nakungoja. Kila ukija hapa nasema, leo atasema. Ukija tena, nasema leo. Halafu nikachoka."

Nilikunywa chai yangu hadi ikaisha, nikaifunga mifereji kwenye gazeti, nikamuaga. Alinisindikiza hadi langoni, kama alivyofanya siku zote.